Msaidizi yuko Mbeya, duka liko Mwanza

Barua za mwezi huu zimekuja kwa wingi kutoka kwa watu wenye biashara ndogo: duka la nguo, jiko la vyakula vya sherehe, kiwanda kidogo cha sabuni. Wengi wamechoka kujibu simu hadi usiku wa manane, wameajiri msaidizi anayefanya kazi akiwa kwake kwa simu na kompyuta, na sasa wanashangaa mbona mzigo haujapungua. Tumechagua barua sita. Mbili zimejibiwa kwa urefu kwa sababu ndizo zinazobeba matatizo ya wengi.

Kila dakika ananipigia

SWALI: Nauza vitenge na khanga, dukani na kwa WhatsApp na Instagram. Nimempata binti yuko Mbeya, mchapakazi, anajua kuongea na wateja. Nilimwachia kazi ya kujibu meseji za wateja kwa wiki moja, lakini kila dakika ananipigia kuuliza. Naona nimejiongezea kazi. Nimwachishe? — Mama wa vitenge, Mwanza

JIBU: Mama, usimwachishe. Anakupigia kwa sababu majibu yote yamo kichwani mwako na hana njia nyingine ya kuyafikia. Msichana anayekaa nawe dukani hujifunza kwa kukutazama: anakuona unavyopima, unavyomkatalia mteja bila kumuudhi, unavyojua ni kitenge kipi huchuja rangi. Aliye Mbeya haoni hata kimoja katika hivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako, nayo ni kuandika.

Chukua daftari, uwe nalo kwa siku 5 za kazi. Kila mteja anapouliza, andika swali kwa maneno yake mwenyewe, na chini yake jibu ulilompa. Usilipambe. Utakuta maswali yanajirudia: bei gani, bado kipo, ni yadi ngapi, kinachuja, mnatuma Dodoma, nipigie picha juani niione rangi vizuri, bei ya mwisho ngapi. Hayo ndiyo unayoyageuza kuwa majibu ya haraka ndani ya WhatsApp Business. Programu inapokea hadi 50. Kila jibu unalipa neno fupi, na msaidizi akiandika mkwaju (/) na neno hilo, jibu zima linajitokeza. Mfano, /kutuma inaweza kuleta hivi:

"Karibu sana. Mzigo wa Dar unaondoka na basi la asubuhi kama malipo yamefika kabla ya saa 9 alasiri ya leo. Gharama ya kutuma analipa mteja. Tutakutumia picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya gari. Unapokelea stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwa jina na namba ya simu utakayotupa sasa."

Angalia kilichomo: saa ya mwisho, nani analipa, ushahidi gani utakuja, wapi pa kupokelea. Ukiondoa kimoja, mteja atakiuliza, na binti atakupigia.

Bei ya mwisho ndiyo inayowashinda wasaidizi wengi. Wewe unapunguza kwa kumtazama mtu na kwa kukumbuka kitenge kile kilikujaje. Huwezi kumwambia mtu wa mbali "tumia busara", kwa sababu busara hiyo ni yako. Mpe namba tatu kwa kila bidhaa: bei ya kutaja, bei ya mwisho kwa anayechukua kimoja, na bei ya jumla pamoja na idadi inayoanzia. Chini ya hapo ajibu: "Hapo dada sitaweza, lakini nikipata cha bei hiyo nitakutumia picha." Hana ruhusa ya kushuka zaidi, na hana haja ya kupiga simu.

Sasa idadi ya mali. Ugomvi unaozuka mara nyingi ni wa kitenge kimoja kuuzwa kwa watu wawili: binti amemwahidi mteja wa Songea, huku dukani umeshamfungia mteja aliyesimama mbele yako. Watu hukimbilia kutengeneza jedwali kubwa la kompyuta, na jedwali linashindwa, kwa kuwa duka likijaa hakuna atakayekumbuka kuandika. Tenga rafu. Vitenge vilivyopigwa picha za mtandaoni vikae rafu yake, na kinachotoka rafu hiyo hakiuzwi dukani kabla hujamwandikia binti namba yake. Mteja wa mtandaoni anayesema "nitunzie" anatunziwa saa 3 tu, kisha kinarudi sokoni, na muda huo ameelezwa tangu mwanzo.

Kuhusu namba: kata kadi ndogo, andika K-014, iweke kwenye kona ya kitenge kabla ya kupiga picha. Mteja hukurudishia picha ile ile au skrinishoti yake akiuliza bei, na namba inarudi pamoja nayo. Bila kadi, utakuwa na "kile cha bluu chenye maua", na vitenge vya bluu vyenye maua viko kumi.

Jedwali dogo bado mtalihitaji. Litengenezwe Google Sheets, programu ya majedwali ya Google, kwa akaunti yako, na safu chache: namba, bei, bei ya mwisho, vilivyopo, vilivyotengwa, vilivyouzwa. Kuna mitego miwili midogo. Namba za simu zinazoanza na 0 hupoteza ile sifuri, 0754 inakuwa 754, mpaka safu ile uipange iwe maandishi ya kawaida na si namba. Na tarehe: jedwali likiwa limewekwa mtindo wa Marekani, 5/8 linasomeka Mei 8 badala ya Agosti 5. Fungua File, kisha Settings, ubadili Locale kabla hamjaingiza oda ya kwanza, maana tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya itabidi mzirekebishe moja moja.

Na simu zile za kila dakika? Weka lebo tano kwenye WhatsApp Business: Mpya, Anasubiri malipo, Amelipa, Umetumwa, Mama ajibu. Swali lisilo na jibu lililoandaliwa linapewa lebo ya Mama ajibu, mteja anaambiwa "nipe muda kidogo nikuulizie", na binti anaendelea na mwingine. Wewe unapitia lebo hiyo mara mbili kwa siku, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Kila unachomjibu, yeye mwenyewe anakiongeza kwenye orodha ya majibu siku hiyo hiyo. Anapiga simu kwa mambo mawili tu: mzigo uliopotea na mteja anayedai pesa yake.

Neno la mwisho kwako Mama: namba moja ya WhatsApp Business inaweza kuunganishwa na vifaa 4 zaidi ya simu yako, kwa hiyo huna haja ya kumpelekea laini Mbeya. Simu inabaki kwako. Ila usiiache bila kuitumia zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa vitajitoa vyenyewe. Na aliyeunganishwa anaona mazungumzo yote ya namba hiyo. Kama shangazi na kikoba wamo humo, wahamishie namba nyingine kwanza.

Meseji ya malipo imekuja, pesa haipo

SWALI: Msaidizi wangu alituma mzigo baada ya kuoneshwa meseji ya malipo na mteja. Meseji ilikuwa ya kughushi. Nimkate mshahara? Na nifanyeje asije akadanganywa tena bila kumpa namba yangu ya siri? — Muuza viatu, Nakuru

JIBU: Ndugu, kabla ya kumkata jiulize: ulimpa njia gani ya kujua kwamba pesa imeingia? Kama alichokuwa nacho ni picha aliyotumiwa na mteja pekee, basi kosa ni la mpangilio, na mpangilio ni wako. Meseji inahaririwa, skrinishoti inatengenezwa, na meseji ya kweli ya juzi inaweza kutumwa tena leo.

Kanuni ni moja, iandikwe kwa herufi kubwa juu ya jedwali la oda: HAKUNA MZIGO UNAOTOKA KWA PICHA. Mzigo unatoka kwa neno SAWA lililoandikwa na mtu aliyeiona pesa upande wa mpokeaji.

Fanyeni hivi. Msaidizi anafungua ukurasa wa malipo wenye safu sita: namba ya oda, jina la mteja, jina la aliyelipa, kiasi, kumbukumbu ya muamala, saa. Jina la aliyelipa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mteja anaweza kuwa Akinyi na aliyetuma pesa ni kaka yake, na ukitafuta Akinyi kwenye meseji zako hutampata. Aliyepitia kwa wakala naye aulizwe alitumia namba gani. Kumbukumbu ya M-Pesa ya Kenya ina herufi na tarakimu 10. Msaidizi anainakili kama ilivyo, haiandiki upya kwa kuitazama, kwa sababu O na 0 zinafanana. Mkidai kumbukumbu kila mara, mtagundua pia iliyotumika mara mbili: kwenye Google Sheets weka rangi ijitokeze kwenye kisanduku chochote kinachorudia kilichokwisha kuandikwa.

Wewe unapitia ukurasa huo mara nne kwa siku, kwa saa zinazojulikana, ukilinganisha na simu yako au na taarifa ya till, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo. Unatazama meseji imetoka kwa jina rasmi la mtandao na si kwa namba ya kawaida, na salio limepanda. Kisha unaandika SAWA. Mteja ameshaambiwa mapema kwamba malipo yanathibitishwa saa 4, saa 7, saa 10 na saa 12, hivyo hatakuwa na sababu ya kumsukuma msaidizi. Anayesukuma sana, "dereva ameshafika, achilia mzigo", ndiye wa kumcheleweshea.

Biashara ikikua, nenda kwenye ofisi ya huduma ya mtandao wako uulize kama till yako inaweza kuongezewa mhudumu anayeona miamala bila uwezo wa kutoa pesa. Hilo ndilo suluhisho safi. Namba ya siri usimpe mtu, hata awe mwadilifu kiasi gani. Unamlinda naye pia, kwa sababu siku pesa ikipungua hatakuwa mshukiwa.

Tahadhari nyingine, na hii tunaisema kwa uzito. Wapo wanaopakua programu ya kusambaza meseji za simu zao ziende moja kwa moja kwa msaidizi ili aone malipo yenyewe. Programu hizo zikiachwa wazi zinasambaza kila kitu, pamoja na namba za uthibitisho za benki na za barua pepe. Ukiwa lazima utumie, iruhusu ipeleke meseji za mtumaji mmoja tu, yule wa malipo, na uijaribu kwa kujitumia meseji ya kawaida uone kama imevuka.

Mshahara wake usiukate.

Saa tisa ni saa ngapi?

SWALI: Niko Minneapolis, nina biashara ya kupika vyakula vya sherehe. Msaidizi wangu yuko Arusha, ananipangia oda na kuandika ankara. Mara mbili amekosa kikao na mteja, na safari zote mbili kila mmoja wetu anaamini yuko sahihi. Tunaongea Kiswahili sote. Tatizo liko wapi? — Mpishi, Minnesota

JIBU: Dada, huenda tatizo ni hicho hicho Kiswahili mnachoongea. Aliyeishi Marekani miaka mingi huandika "saa 9 asubuhi" akiwa na maana ya 9:00 iliyo kwenye simu yake. Wa Arusha akisoma saa 9 anajua ni 15:00, na neno "asubuhi" analichukua kuwa umekosea, au anaamua ulimaanisha saa 9 za alfajiri. Kwake 9:00 ni saa 3. Juu ya hapo kuna tofauti ya majira: Arusha haibadilishi saa mwaka mzima, Minneapolis hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Majira ya baridi mnapishana saa 9, majira ya joto saa 8. Kama vikao vilivyokosewa viliangukia wiki za mwanzo za mabadiliko hayo, umeshapata jibu.

Mkubaliane hivi: mkiongea, semeni saa ya Kiswahili na sehemu ya siku. Mkiandika, tumieni tarakimu nne na majina ya miji yote miwili, "08:00 Minneapolis / 17:00 Arusha", bila neno saa mbele yake. Na tarehe iandikwe daima. "Usiku wa Jumatano" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumatano, kwa wengine ni ule unaofuata, na kikao cha 20:00 Minneapolis kwa Arusha ni alfajiri ya kesho yake.

Kwenye kalenda, kikao kiwekwe kwa majira ya mji wa mteja, yaani Minneapolis, kisha msaidizi aalikwe. Kalenda itamwonesha saa yake mwenyewe, na Machi ikifika itajirekebisha. Akiweka yeye kwa majira ya Arusha, kikao kinachojirudia kila wiki kitahama kwa saa moja upande wa mteja.

Tena huna haja ya kumfanya akeshe. Mpangie saa 2 tu za kuwa hewani pamoja nawe, ukianza siku yako. Ankara, mahesabu ya viungo na kupanga barua pepe afanye asubuhi yake, wewe umelala, uamke ukute tayari.

Nimlipe kwa saa au kwa kazi?

SWALI: Msaidizi anataka mshahara wa mwezi, mimi naona nimlipe kwa oda. Nani yuko sahihi? Na bando ni la nani? — Mtengeneza sabuni, Morogoro

JIBU: Kulipa kwa oda kunafaa kazi ikiwa moja na inahesabika. Kwa msaidizi anayejibu maswali kunaleta uchungu, kwa kuwa wanaouliza bila kununua ni wengi na kila mmoja anakula muda wake. Naye akibanwa hivyo atawakimbia wenye maswali, na humo ndimo mlimo wateja wa kesho.

Pima kwanza. Fanya kazi hiyo mwenyewe siku 3 ukiwa na saa mkononi. Tuseme unapokea mazungumzo 25 kwa siku, kila moja dakika 5: hizo ni dakika 125. Kuweka picha na maelezo Instagram dakika 30, kujaza jedwali na ripoti ya jioni dakika 25. Jumla dakika 180, saa 3. Mwezi wa kwanza mhesabie saa 4 na nusu, kwa sababu hana wepesi wako. Mwezi wa tatu pimeni tena. Sasa mnaweza kukubaliana mshahara wa mwezi kwa saa hizo, na kiasi cha ziada kwa saa kazi inapozidi, mathalani wiki za sikukuu.

Bando ni la mwenye biashara, lilipwe kando na mshahara, mwanzoni mwa mwezi. Msaidizi anayesubiri mshahara ndipo anunue bando atapotea hewani tarehe 27, na wateja wako watapotea naye. Mshahara utumwe na ya kutolea, au muandike wazi kwamba haimo.

Mkataba ukurasa mmoja unatosha: kazi zipi, saa zipi, siku ya mapumziko, kiasi na tarehe ya malipo, bando, taarifa ya siku 14 kwa anayetaka kuacha, na kwamba majina na namba za wateja ni za biashara. Kabla ya kuusaini, mpe siku 5 za majaribio zenye malipo. Asijaribiwe bure, wanaokubali kufanya kazi bure ni wale wasio na kazi nyingine tu, na unawapoteza wazuri.

Ameondoka na nywila zangu

SWALI: Aliyekuwa msaidizi wangu ameacha kazi kwa ugomvi. Ana nywila ya Instagram na barua pepe, ukurasa wa Facebook aliufungua yeye, na jedwali la wateja naona limeandikwa jina lake. Nianzie wapi? — Mwenye saluni, Mombasa

JIBU: Anza na barua pepe, sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma safu hii. Ukibadilisha Instagram kwanza, yeye atabonyeza "nimesahau nywila", kiungo kitakuja kwenye barua pepe ambayo bado anaifungua, na atarudi ndani. Mlango mkuu ni barua pepe.

Badilisha nywila yake, kisha tazama namba ya simu na barua pepe ya akiba zilizosajiliwa kwa ajili ya kuirudisha akaunti. Kama ni zake, zifute. Toa vifaa vyote vilivyoingia. Kagua pia mipangilio ya kusambaza barua, maana inawezekana kila barua inakwenda kwake nakala bila wewe kuiona. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Ndipo uende Instagram na kurudia hayo. WhatsApp: fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovitambua, kisha weka namba ya siri ya tarakimu 6 ya hatua mbili.

Ukurasa wa Facebook ni mgumu zaidi. Mwenye mamlaka kamili ya ukurasa anaweza kumwondoa mwingine, hata aliyemlipa kuufungua. Kama nawe una mamlaka kamili, mwondoe leo. Kama huna, mwandikie kwa upole, mlipe anachokudai, umwombe akupe mamlaka hayo kabla ya kujitoa. Njia ya madai ni ndefu na wateja wako watakuwa wanaandika huko bila kujibiwa.

Jedwali lililo kwenye akaunti yake ni lake machoni pa Google, akilifuta, linakwenda. Tengeneza nakala mara moja kwenye akaunti yako, kama bado unaweza kulifungua.

Kwa atakayefuata: kila faili ianzie kwenye akaunti yako naye aalikwe, kwenye Facebook apewe uwezo wa kuchapisha na kujibu, si mamlaka kamili, nywila zikae kwenye programu ya kutunza nywila, kama Bitwarden, ambayo unamfungulia na kumfungia. Na laini ya biashara isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe. Aliyesajiliwa ndiye anayeweza kwenda dukani akasema laini imepotea akapewa nyingine, na ikishakuwa mkononi mwake, namba za uthibitisho zote zinakwenda kwake.

Umegusia pia orodha ya wateja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kote kuwili wewe ndiye unayewajibika kwa namba za wateja ulizozikusanya, hata zikivujia kwa msaidizi. Kenya, biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili kwa kamishna wa data, isipokuwa shughuli kadhaa zilizotajwa, zikiwemo za matibabu. Kusamehewa kujisajili si kusamehewa kulinda.

Bosi hutuma sauti usiku kucha

SWALI: Mimi ndiye msaidizi. Bosi wangu ni mtu mwema ila maagizo yake yote ni ya sauti, dakika nne, dakika saba, mengi usiku, na kila kitu ni haraka. Nikikosea ananiambia "si nilikwambia?" Umeme nao huku unakatika, anadhani nasingizia. — Msaidizi, Kigoma

JIBU: Mdogo wetu, sauti usizikatae, huenda anaongea akiwa njiani na hana mkono wa kuandika. Zigeuze. Ukimaliza kusikiliza, kabla ya kugusa kazi, mrudishie maandishi mafupi: "Nimeelewa hivi: 1. Ankara ya mteja wa jumla, leo kabla ya 12:00. 2. Picha 6 za bidhaa mpya, kesho. 3. Kumpigia msambazaji kuhusu katoni zilizopungua. Sina namba yake. Nianze na 1?" Akijibu "ndiyo" una agizo lililoandikwa, na akiona amekosea anarekebisha kabla hujapoteza nusu siku. Ukiuliza lipi lianze, neno "haraka" linapata mpangilio. Fanya hivyo kila mara, hata agizo likiwa dogo, mpaka awe anaisubiri meseji hiyo.

Za usiku ziwekee saa: mwambie mchana, mkiwa na amani, kwamba zinazofika baada ya 20:00 utazisikiliza 07:30, isipokuwa mzigo ulio barabarani, ambao akupigie.

Kuhusu umeme, mtu haamini asichokiona, kwa hiyo mweleze mapema una akiba gani na itadumu muda gani. Pawa benki ya kawaida ya simu, ya wati 10 hadi 18, haitachaji kompyuta ya mkononi. Tafuta ya wati 45 au 65 yenye mdomo wa USB-C, na hakikisha kwanza kompyuta yako inachajiwa kwa mdomo huo. Ruta ya nyumbani mara nyingi hutumia volti 12, nayo ina betri yake ndogo ya akiba inayouzwa madukani. Soma volti zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta kabla ya kununua, kwa kuwa volti zikizidi ruta inaungua. Uwe na laini ya mtandao wa pili, na bando dogo ndani yake tayari, si la kwenda kununua gizani. Umeme ukikatika, meseji iende dakika ile ile: "Umeme umekatika 14:10. Niko kwenye simu, wateja nawajibu. Ankara zitasubiri."